Waliofungwa Manda

Mashua ya kwenda Takwa huvizia maji yajae, maana mkondo wa kule kisiwani Manda umesongwa na mikoko, na bahari ikipwa hakupitiki. Wageni huenda kutazama magofu: msikiti wa kale na kaburi la mnara. Mimi nilisomesha historia hapa Amu, na wanafunzi niliowavusha niliwaambia pia habari ya kambi ya kizuizini aliyoiweka Mwingereza huko wakati wa Mau Mau.

Ramogi Achieng Oneko aliletwa Manda. Alishitakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta kwa kuongoza Mau Mau, wakahukumiwa 1953. Januari 1954 Oneko alishinda rufaa. Hakufika nyumbani. Alikamatwa tena kwa amri ya serikali, bila kesi, akakaa ndani hadi 1961. Takwa alikuwa na Pio Gama Pinto, mpigania uhuru, Mgoa mzaliwa wa Nairobi.

Uhuru ukaja, Oneko akawa waziri wa habari. Kenyatta, aliyejua vyema uchungu wa kufungwa na mkoloni, angeweza kuizika kabisa desturi ya kumtia mtu ndani bila hakimu. Mwaka 1966 serikali yake ikaifanya sheria. Watu husema mali ndiyo huwageuza wakubwa. Mali imo, lakini mimi linaloniuma zaidi ni hili: walizipokea jela zikiwa nzima na wakaona zinawafaa. Hata ngome yetu ya Amu ilibaki jela hadi 1984.

Oneko alijiuzulu 1966, akamfuata Oginga Odinga katika chama chake cha upinzani, KPU. Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali; zogo likazuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku. Oneko akafungwa tena bila kesi, hadi 1975, safari hii kwa amri ya Kenyatta, mtu waliyeshitakiwa pamoja Kapenguria. Pinto hakuyaona hayo. Alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, 24 Februari 1965.

Mtoto wa shule hukaririshwa majina ya wale sita walioshitakiwa Kapenguria. Wangu niliwaongezea swali: ni nani kati yao waliofungwa tena baada ya uhuru? Nilitaka waandike Oneko, na Bildad Kaggia, aliyefungwa 1968 kwa mkutano usio na kibali, kisha waitaje na serikali iliyowafunga.