‘Alipasuka kichwa’: Je, alipasuka wapi hasa?

KATIKA taarifa za ajali za bodaboda, aghalabu tunasoma kwamba abiria ‘alipasuka kichwa’. Kauli hiyo hunitatiza. Ni ngozi iliyochanika au ni mfupa uliovunjika? Na ni upande upi? Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kubainisha mambo haya, ila tumeyaacha yalale kwenye kamusi.

Tuanze na ‘fuvu’. Wapo wanaodai eti ‘fuvu la kichwa’ ni uradidi usiofaa. Sivyo. Fuvu ni gamba gumu lililo tupu, na ndugu yake ni ‘kifuu’, lile gamba la nazi linalotajwa katika methali ‘maji ya kifuu ni bahari ya chungu’. Kusema ‘fuvu la kichwa’ basi ni kubainisha tu kwamba si fuvu la kitu kingine. Kisawe chake ni ‘bupuru’.

Hata hivyo, fuvu la kichwa si kitu kimoja kama kifuu. La mtu mzima lina mifupa 22: minane huufunika ubongo na 14 ni ya uso. Yote imeshikamana isisogee, isipokuwa mfupa wa taya ya chini, huo tunaoutumia kutafuna na, jamani, kusengenya.

Mbele kuna ‘paji la uso’, nyuma kuna ‘kisogo’. Mfupa unaotokeza chini ya jicho ni ‘kitefute’. ‘Kidevu’ nacho si taya bali ni ncha yake tu. Kati ya jicho na sikio kuna ‘panja’, neno ambalo wengi wetu hatulitumii kabisa. Hapo mfupa ni mwembamba, na ndani yake hupita mshipa wa damu. Mtu akigongwa panja, damu yaweza kuvujia ndani ya fuvu ilhali kwa nje huoni jeraha la kutisha. Anayempigia daktari simu akisema tu ‘ameumia kichwa’, amemnyima habari muhimu.

Neno ‘utosi’ ndilo lenye uzito zaidi. Kwa mtu mzima ni sehemu ya juu kabisa ya kichwa. Kwa mtoto mchanga ni pale palipo laini, panapopwita, kwa kuwa mifupa yake haijaungana. Pengo hilo husaidia kichwa kujibana wakati wa kuzaliwa, na kwa kawaida huziba mtoto afikapo kati ya miezi 12 na 18.

Mama akisema ‘utosi umedidimia’, hasa mtoto akiwa anahara au kutapika, muuguzi ataelewa mara moja: huenda mwili umepungukiwa na maji. ‘Utosi umevimba’ ni habari nyingine, nayo pia ni ya hatari. Katika hali zote mbili mtoto apelekwe hospitalini upesi; kumpaka dawa utosini hakutamfaa.

Ndiyo maana nasisitiza: mwandishi aandike ‘alichanika ngozi ya kisogo’ au ‘alivunjika mfupa wa panja’, kulingana na kilichotokea. Maneno hayo si mapambo ya walimu wa Kiswahili. Tukiyazoea magazetini, yatakuwa mdomoni siku tutakapoyahitaji.