Tabibu Mmaori na Mizani ya Wageni

Huku Kuze, na katika Mji wa Kale wote wa Mombasa, mgeni hamalizi kikombe cha kwanza cha kahawa kabla ya kuulizwa yeye ni wa nani. Swali hilo halina ubaya. Ndilo lililowawezesha wazee wetu kujua nani ndugu na nani si ndugu. Lakini linapoulizwa na serikali, tena serikali ya kigeni iliyoshika daftari la kodi mkononi, huwa ni swali jingine kabisa. Thenashara Taifa waliyaonja hayo. Katika miaka ya 1920 walilalamika mbele ya wakoloni wa Kiingereza kwamba wametiwa katika fungu la "wenyeji", ilhali jirani zao Waarabu, waliokuwa wakioana nao na kusali nao msikiti mmoja, walipewa haki ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Ikawa basi kila mwenye shajara ya ukoo huifungua, amtafute babu aliyevuka bahari.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mtu mmoja wa mbali ambaye wasomaji wengi wa ukurasa huu yamkini hawajapata kulisikia jina lake. Wazungu walimwita Peter Henry Buck. Watu wake, Wamaori wa New Zealand, humwita Te Rangi Hīroa.

Alizaliwa Urenui, katika jimbo la Taranaki, mnamo miaka ya 1870 na ushei. Yeye mwenyewe alitaja mwaka wa 1880, lakini daftari la shule linaonyesha kuwa alizaliwa mapema zaidi. Baba yake alikuwa Mwairishi. Mama yake mzazi, Rina, alifariki punde baada ya kujifungua, na mtoto akalelewa na Ngarongo, jamaa ya marehemu, wa kabila la Ngāti Mutunga. Lugha na masimulizi ya kale aliyapata zaidi kwa ajuza mmoja wa ukoo huo aitwaye Kapuakore. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hili: kwa baba alipata jina la Kizungu, na kwa wanawake alipata ulimi.

Alisoma Te Aute, shule mashuhuri ya Wamaori, kisha akaingia chuo cha utabibu cha Otago mwaka wa 1899. Huko miguu yake ilijulikana kabla ya kalamu yake. Alikuwa bingwa wa taifa wa kuruka umbali mwaka wa 1900, na akautwaa ubingwa huo tena mwaka wa 1903. Mwaka uliofuata akahitimu udaktari. Tasnifu yake ya shahada ya juu ya utabibu, iliyokubaliwa mwaka wa 1910, ilihusu tiba za Wamaori, za kale na za wakati wake.

Kazi yake ya kwanza kubwa naiona kuwa ndiyo iliyo bora kuliko zote. Kuanzia mwaka wa 1905, akiwa chini ya Mmaori mwenziwe, Dakta Māui Pōmare, alizunguka vijijini kuhimiza maji safi, vyoo na nyumba zipitazo hewa. Wakati huo Wazungu wengi walikwisha kuwahesabu Wamaori kuwa ni watu wanaokufa na kwisha. Te Rangi Hīroa hakwenda na tarishi wa kumfasiria. Alisimama uwanjani mwa wazee, akawaamkia kwa desturi yao na kuwaeleza habari za maradhi kwa Kimaori fasaha. (Wanaodhani kuwa sayansi haisemeki ila kwa Kiingereza wangefaa kuitazama sura hiyo ya maisha yake.)

Mwaka wa 1909 Hōne Heke Ngāpua, mbunge wa Wamaori wa Kaskazini, alifariki, na daktari wetu akachaguliwa kukalia kiti chake. Mwaka wa 1912 alikuwa waziri kwa miezi michache tu. Mwaka wa 1914 akagombea jimbo la Bay of Islands, akashindwa kwa kura chache, na siasa zake zikaishia hapo. Alikwenda vitani Gallipoli pamoja na askari Wamaori, akarudi na nishani.

Katika safari hiyo ya kurejea nyumbani, mwaka wa 1919, melini, tabibu huyu alifanya jambo linalonitia simanzi kila ninapolisoma: alichukua vipimo akawapima vichwa askari wenzake. Ndiyo iliyokuwa elimu ya zama zile. Ukijua upana wa fuvu la mtu, ilisemekana, umejua asili yake na daraja yake. Te Rangi Hīroa aliiamini elimu hiyo kwa moyo safi. Mwaka wa 1927 alihamia Honolulu, kwenye jumba la makumbusho la Bishop, na kuanzia mwaka wa 1936 akawa mkurugenzi wake. Katika kitabu chake maarufu, Vikings of the Sunrise, kilichotoka mwaka wa 1938, alishikilia kuwa mabaharia wa Polinesia hawakuwa na ngozi nyeusi wala nywele za kipilipili, kwa hiyo walikuwa ni tawi la watu walio karibu na Wazungu. Na tena kwamba walipitia visiwa vya Mikronesia, si Melanesia wanakokaa weusi.

Mtu msomi, bingwa, waziri wa zamani, naye anaomba kupimwa kwa mizani ya wengine! Na mizani ilimjibu. Alipoomba uraia wa Marekani alikataliwa. Sheria ya nchi hiyo ilitaka mwombaji awe na zaidi ya nusu ya damu ya Kizungu, na Wapolinesia walihesabiwa kuwa ni Waasia. Nusu ya Mwairishi haikutosha. Waingereza walimpa cheo cha "Sir" mwaka wa 1946, lakini mlango wa Marekani ulikuwa umefungwa.

Sisi wa isimu tuna la kusema hapa, kwani ushahidi uliokuwa ukimkanusha aliuchukua kinywani mwake. Kimaori "mbili" ni rua, na "tano" ni rima. Kifiji, lugha ya watu waliotiwa katika fungu la Melanesia, ni rua na lima. Vukeni bahari mpaka kwa jirani zetu wa Bukini: Kimalagasi ni roa na dimy. Mbingu kwa Wamaori ni rangi, kwa Wamalagasi lanitra. (Rangi hiyo si rangi yetu, ambayo ni neno la Kiajemi.) Udugu wa ndimi hizi haukuwa siri, Mholanzi Adriaan Reland aliuandika tangu mwaka wa 1708. Wenye ndimi hizo ndio walioeneza vyombo vyenye vigogo vya ubavuni, ambavyo ngalawa zetu ni jamaa zake. Kwa hiyo ulimi wa Kapuakore ulimfungamanisha na wale wale aliojitahidi kuwaepuka.

Sisi nasi tulipimwa upya juzi. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu wa kale wa mwambao, wakiwamo waliozikwa Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kuwa damu ya Uajemi iliingia zaidi kwa upande wa wanaume, na ya Afrika zaidi kwa upande wa wanawake, tangu karibu mwaka wa 1000. Barazani kila upande ulijitangazia ushindi. Mimi nilijiuliza tu kwa nini hakuna aliyetaja kuwa lugha tunayobishania ni ya Kibantu, nayo tuliinyonya kwa hao mama.

Te Rangi Hīroa alifariki Honolulu tarehe 1 Desemba 1951. Mwaka huo huo Otto Dahl alichapisha kitabu kinachothibitisha kuwa Kimalagasi ni ndugu wa Kimaanyan cha Borneo. Mwaka wa 1952 Marekani iliifuta sheria ya rangi katika uraia, na huko New Caledonia wakafukua vigae vya Lapita, ambavyo baadaye vilionyesha kuwa wahenga wa Wapolinesia walipitia Melanesia hasa. Majivu yake yalirudishwa New Zealand, yakazikwa mwaka wa 1954 huko Okoki, karibu na Urenui, katika ardhi ya watu wa Ngarongo na Kapuakore.