Kiboko Amehamia Jirani: Namna ya Kuzisoma Alama Zake Ukanda wa Ruvuma

Njia ya kiboko haifanani na njia ya ng'ombe wala ya mtu. Miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana sana, hivyo anapopita mara kwa mara huchimba mifereji miwili sambamba, na katikati hubaki tuta la majani. Mkulima wa Kitaya, Mahurunga au Kilambo akiikuta njia hiyo ikitoka ukingoni mwa mto Ruvuma kuelekea kwenye majaruba ya mpunga, ajue ana jirani wa tani moja na nusu au zaidi, na kwamba jirani huyo hakupotea njia. Usiku atarudi.

Alama nyingine hukamilisha habari. Unyayo una vidole vinne vilivyotanuka na upana wa sahani ya kulia wali. Nguruwe pori, ambaye naye ni mharibifu, huacha kwato mbili zilizochongoka. Nyasi alizokula kiboko huwa fupi na sawasawa, kwa sababu huzinyofoa kwa midomo yake mipana, si kwa meno. Ukikuta mabua yamekatwa mshazari na vipande vimeachwa chini, huyo ni ndezi. Kisha tazama vichaka vya kando ya njia. Dume la kiboko hunya huku likipiga mkia kama pangaboi, na kinyesi hurukia majani hadi juu ya magoti ya mtu.

Kinyesi hicho ni ujumbe. Watafiti waliofanya kazi kwenye maziwa ya Hifadhi ya Maputo, Msumbiji, wakichapisha matokeo mwaka 2022, waliwasikilizisha viboko sauti zilizorekodiwa za wenzao. Waliposikia sauti ya jirani walitulia kiasi. Waliposikia ya mgeni, walijibu kwa nguvu zaidi na kurusha kinyesi. Kwa hiyo kundi linalokoroma karibu na kijiji halipo hapo kwa bahati. Lina eneo, na linalijua.

Watu wa Mtwara hawashangai kumwona kiboko kwenye mikoko, pale maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Anavumilia maji ya chumvi mradi apate maji baridi ya kunywa. Hata kisiwa cha Mafia kina viboko wake. Kinasaba, ndugu zake wa karibu zaidi walio hai ni nyangumi na pomboo, si nguruwe.

Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake hukauka na kupasuka upesi juani. Ule ute mwekundu ambao wengi huudhania damu ni kinga. Mwaka 2004 wanakemia wa Japani walionyesha kwamba rangi zake huzuia mionzi mikali ya jua na kudhoofisha bakteria. Jua likizama hutoka, hutembea kilomita kadhaa na kula nyasi zinazofika kilo 40, kisha hurudi kabla ya kucha. Shamba la mpunga kwake ni nyasi nzuri zilizopandwa karibu.

Hapa ndipo hatari ilipo. Wengi hudhani kiboko humwinda mtu. Hamwindi, humvamia aliyesimama kati yake na maji, au aliyemkuta ghafla kwenye njia yake, na nchi kavu humshinda mbio mtu wa kawaida. Kwa hiyo njia ya mifereji miwili isitumike kuanzia machweo hadi jua lichomoze, na dungu la kulindia mpunga lisijengwe juu yake. Maji yachotwe jua likiwa juu. Mwenye mtumbwi apite kandokando penye maji mafupi na kugonga ubao kwa kafi, maana kiboko haogelei bali hutembea chini, huzama dakika tano hivi, na akishtuka hukimbilia kina.

Akimng'ata mtu, jeraha lisichukuliwe kama la mbwa. Madaktari wa Bujumbura waliwafuatilia majeruhi 11 wa viboko, na ripoti yao ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba hata kwa matibabu ya haraka vidonda vingi vilipata maambukizi, na wapo waliokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu. Meno hupeleka tope na bakteria ndani kabisa ya nyama. Bana damu kwa kitambaa safi, usijaze dawa za majani, na mgonjwa apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye upasuaji kama ile ya Ligula, Mtwara. Atahitaji kusafishwa kidonda, antibiotiki na chanjo ya pepopunda.

Kiboko aliyekufa naye ana hatari yake: kimeta. Mwaka 2011, wilayani Chama, Zambia, viboko zaidi ya 80 walikufa kwa ugonjwa huo, na watu zaidi ya 500 walishukiwa kuugua, wengi wakiwa wamegusa au kula nyama. Aprili 2025 viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta katika mto Ishasha, Hifadhi ya Virunga, Kongo. Vimelea vyake hudumu ardhini miaka mingi, na moto wa jikoni si kinga ya kutegemea. Najua nyama ya bure ni kishawishi kikubwa kwenye kijiji chenye njaa, lakini mzoga uliokutwa usichunwe wala usikatwe. Aliyeugusa akiona kipele kisichouma kinachogeuka kidonda chenye kitovu cheusi, aende zahanati siku hiyohiyo. Kikiwahiwa, kimeta hutibika.

Kwa nini basi tusimwondoe kabisa? Ulaya na Marekani Kaskazini zina biva, mguguna anayeangusha miti na kuziba vijito, na visiki alivyovichonga ndivyo vinavyomfichua. Sisi fundi wetu wa mto ni kiboko. Njia zake huwa mifereji ya maji. Katika mto Mara, utafiti wa mwaka 2019 ulikuta kwamba viboko huingiza mtoni tani 0.4 za silikoni kila siku kupitia kinyesi, chakula cha vijimea vidogo vinavyolisha mnyororo mzima hadi samaki. Kazi hiyo ina upande wa pili: madimbwi yanapokaa muda mrefu bila mafuriko, kinyesi hula oksijeni, na mvua ikiyasukuma samaki hufa kwa wingi. Mto wenye maji ya kutosha ndio unaofaidi.

Njia ya kuishi naye ni kumzuia shambani. Kiboko hawezi kuruka, hivyo handaki au ukuta mfupi wa mawe humzuia vizuri kuliko kelele. Kumuua bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Shamba likiliwa, usifute nyayo: zipige picha, mwite mtendaji wa kijiji azione, kisha taarifa ifike kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mazao yana kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa ina kifuta machozi. Si fidia ya hasara yote, na nadhani kiwango chake kinastahili kutazamwa upya, lakini asiyetoa taarifa hapati hata hicho.