Nani Huamua Hospitalini? Fahamu Sheria Kuhusu Idhini, Siri na Dharura

Mama mjamzito analetwa hospitalini Lodwar usiku. Amekuwa na uchungu tangu asubuhi, mtoto amechoka tumboni, na daktari anasema upasuaji hauwezi kungoja. Mama mwenyewe amekubali. Lakini jamaa wanaomba asubiriwe mume, ambaye yuko malishoni Loima na simu yake haipatikani. Je, daktari asubiri?

Madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi hukutana na mitihani kama hii katika kazi zao za kila siku. Mkazi anayejua sheria inasema nini huwasaidia kuokoa muda, na wakati mwingine maisha.

Idhini ni ya mgonjwa

Daktari hapaswi kusubiri. Kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, idhini hutolewa na mgonjwa, baada ya kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hujiamulia mwenyewe. Sheria haidai sahihi ya mume, baba wala mzee wa ukoo. Kushauriana na familia ni jambo jema, mradi kusicheleweshe matibabu.

Mgonjwa akiwa hajitambui, na kuchelewa kunaweza kumuua au kumwachia madhara ya kudumu, daktari anaruhusiwa kumtibu bila kungoja jamaa, isipokuwa kama mgonjwa alikuwa amekataa matibabu hayo.

Mtu mzima ana haki ya kukataa pia. Daktari atamweleza matokeo ya kukataa, lakini hatamlazimisha, hata kama dawa ipo mkononi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye hutoa idhini kwa kawaida, ila Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka maslahi ya mtoto yatangulie.

Kwa nini unaombwa utoke chumbani

Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, mhudumu anaweza kupokea wagonjwa wanaosema Kiturkana, Kisomali, Kidinka na Kinuer katika siku moja. Sheria inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, kadiri inavyowezekana. Njia ya mkato ni kumtumia mtoto wake au jirani kama mkalimani. Lakini mama atasemaje mbele ya mwanawe kwamba amepigwa nyumbani? Mhudumu akikuomba utoke, hajakudharau. Anampa mgonjwa nafasi ya kusema ukweli.

Majibu ya vipimo ni siri pia. Jamaa, mwajiri au chifu hapewi bila ruhusa ya mgonjwa. Siri hiyo inaweza kufunguliwa kwa amri ya mahakama, au pale ambapo kuificha kunahatarisha afya ya umma, kwa mfano kukizuka kipindupindu.

Foleni na dharura

Huenda umefika saa moja asubuhi, kisha mtoto mwenye degedege akaletwa saa nne na kuingizwa kabla yako. Huo si upendeleo. Wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao. Vivyo hivyo, ambulensi ikiwa moja na wagonjwa wawili wako Kakuma, wa kwanza kupelekwa Lodwar, mwendo wa takriban kilomita 120, ni yule ambaye kuchelewa kutamdhuru zaidi.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ni ya mwenyeji na mkimbizi. Hospitali yenye uwezo ikikosa kutoa huduma hiyo, inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3.

Unachoweza kufanya

• Uliza hadi uelewe kabla ya kuweka sahihi au alama ya kidole.
• Omba mkalimani mwingine ikiwa huna uhuru mbele ya aliyepo.
• Mama mjamzito, zungumza na mumeo na mama mkwe kuhusu uwezekano wa upasuaji kabla familia haijatawanyika kufuata malisho.
• Usiporidhika, mwone msimamizi wa kituo au uombe maoni ya daktari mwingine. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unakupa haki zote mbili.