Kobe wa bahari: virusi pekee havitoshi, maji machafu nayo yana sehemu yake

Kwenye pwani ya Florida, Marekani, si ajabu kukuta kobe wa kijani asiyeweza kuona. Vivimbe vyenye mikunjo, vingine vikubwa kama chungwa, vimemwota machoni, shingoni na kwenye miguu yake ya kuogelea.

Ugonjwa huu unaitwa fibropapilomatosisi. Wataalamu waliueleza mara ya kwanza mwaka 1938. Vivimbe vingi si kansere, lakini kobe asiyeona hapati chakula wala hakwepi boti. Vikiota ndani, kwenye mapafu ao figo, anakufa polepole.

Watafiti wanauhusisha na virusi vya jamii ya herpesi. Lakini kobe wengi wana virusi hivyo bila kuwa na uvimbe wowote. Kobe wadogo hufika kutoka bahari kuu wakiwa wazima. Wanaugua wakisha kukaa karibu na ufuo, wakila majani ya bahari jirani na miji na mashamba. Huko Indian River, ghuba ya Florida inayopokea mbolea na maji machafu ya wakaaji, karibu nusu ya kobe wachanga waliochunguzwa walikuwa na vivimbe.

Mjini Marathon, hospitali ya kobe iliyofunguliwa mwaka 1986 inakata vivimbe hivyo kwa mwanga wa leza. Mwaka 2018, watafiti wa Florida walieleza kwamba dawa ya kansere ya watu, fluorourasili, ilisaidia vivimbe vya macho visirudi baada ya kukatwa. Mwenye vivimbe ndani ya mwili, mara nyingi waganga hawana la kumfanyia. Na anayepona anarudishwa katika maji yaleyale yaliyomgonjesha.

Hata hivyo, matumaini yapo: huko Hawaii, ugonjwa ulienea sana miaka ya 1990, kisha ukapungua.

Afrika nayo imeguswa. Mwaka 2007, watafiti walithibitisha ugonjwa huu kwa kobe wa kijani wa Ghuba ya Guinea, upande wa kaskazini wa pwani yetu. Inchi yetu ina pwani ya kilomita 40 hivi tu, huko Muanda, katika jimbo la Kongo Central, ambako kobe wa bahari hupanda mchangani kutaga mayai.

Kwa mtu wa Bukavu ao Kalemie, Muanda ni mbali. Lakini maji yanaijua njia. Ziwa Kivu linamwaga katika Ruzizi, Ruzizi katika Tanganyika, Tanganyika katika Lukuga, Lukuga katika Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo unaoishia baharini hapo Muanda.

Waganga wa Florida wanaweza kukata uvimbe. Kusafisha maji ni kazi ya wanaoishi juu ya mto.