Furaha Isiyongoja Kesho

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuuliza swali lililo jepesi kutamka lakini zito kujibu: Je, furaha ya kudumu hupatikana lini?

Wengi wetu hujibu, "Baadaye." Mwanafunzi asema, "Nikimaliza shule nitafurahi." Akimaliza, asema, "Nikipata kazi." Akipata kazi, angoja kuoa, akioa, angoja kujenga, akijenga, angoja watoto wamalize masomo na karo iishe, karo ikiisha, angoja malipo ya uzeeni. Kisha siku moja twakusanyika kaburini pake, twamsifu kwa bidii yake, lakini hapana awezaye kutuambia ni siku gani mtu huyu alifurahi. Wengine nao furaha yao wameiacha nyuma. Hadi leo wasimulia bei ya kahawa ya mwaka wa 1977, na chai iliyo kikombeni mwao yapoa bila kuonjwa.

Wazee walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Vivyo hivyo, furaha iliyo mbali haiponyi huzuni iliyo karibu.

Jambo hili limechunguzwa hata na wataalamu wa saikolojia. Mwaka wa 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwauliza watu wazima 2,250, kwa njia ya simu zao za mkononi na kwa saa wasizozitazamia: Unafanya nini sasa? Je, unawaza jambo jingine? Una furaha kiasi gani? Majibu yalionyesha kwamba, karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, mawazo ya watu yalikuwa mbali na shughuli iliyokuwa mikononi mwao. Na mawazo yalipokuwa mbali, kwa jumla furaha yao ilikuwa ndogo. Hata waliokuwa wakiwaza mambo ya kupendeza hawakuwa na furaha kuwapita wale walioikazia macho kazi iliyo mbele yao.

Basi ugonjwa twaujua: mwili uko hapa, moyo umesafiri. Lakini dawa yake ni nini? Na tumtazame mtu mmoja aliyeitafuta akaipata.

Huko Ufaransa, katika karne ya 17, alikuwako mtu aitwaye Nicolas Herman. Alikuwa askari, akajeruhiwa vitani, kisha akawa mtumishi wa nyumbani. Mwaka wa 1640 aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akapewa jina la Ndugu Lawrence. Hakupewa mimbari wala cheo. Alipelekwa jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda kamwe, naye akapika humo miaka mingi. Baadaye akawekwa kushona viatu. Alipokufa mwaka wa 1691, marafiki walikusanya barua zake na mazungumzo yake, na hadi leo Wakristo wa madhehebu mengi huyasoma.

Siri yake ilikuwa nini? Aliamua kwamba Mungu hakai kanisani tu akimngoja amalize kuosha sufuria. Yupo papo hapo jikoni, katika moshi na kelele. Basi kila kazi, hata kugeuza yai kikaangoni, aliifanya kwa ajili ya Mungu, huku akisema naye kwa maneno machache kama mtu asemavyo na rafiki. Tena tusidhani ilikuwa rahisi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba miaka kama kumi ya mwanzo iliujaza moyo wake taabu. Mawazo yake yalipopotea, hakujilaani. Aliyarudisha kwa upole. Mchungaji wa mbuzi hamuui mbuzi kwa kuwa ametoka njiani. Humrudisha tu, hata kama ni mara mia kwa siku.

Hapa twajifunza neno kubwa juu ya furaha ya kudumu. Sisi hudhani kwamba furaha ya kudumu ni kama ghala kubwa: tulijaze mara moja, kisha tule maisha yetu yote. Lakini someni Kutoka sura ya 16. Wana wa Israeli walipewa mana kila asubuhi, ya siku ile tu. Aliyeificha mpaka kesho aliikuta imeoza na kuingia mabuu. Hata hivyo mana hiyo ilidumu miaka 40! Haikudumu kwa kuwekwa. Ilidumu kwa kutolewa upya kila siku. Na furaha ndivyo ilivyo.

Je, tusipange mambo ya kesho? La, hatusemi hivyo. Katika sura hiyo hiyo siku ya sita waliagizwa waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na ile haikuoza. Kuweka mbegu na kutafuta karo mapema ni kazi ya leo, na ni kazi njema. Lakini hofu si mpango. Hofu ni kujaribu kuishi kesho kabla kesho haijafika.

Labda mama mmoja anayetusikiliza asema, "Mchungaji, leo yangu haina furaha. Mtoto ni mgonjwa, na unga umekwisha." Mama, hatukuambii ucheke. Bwana wetu alipokwenda kaburini kwa Lazaro, alijua kwamba punde si punde atamfufua. Hata hivyo alilia pamoja na waliolia. Hakuiruka saa ile ya machozi ili aifikie haraka saa ya shangwe. Basi furaha tunayoinena si kicheko. Ni kujua kwamba katika saa hii hii, hata ikiwa chungu, hatuko peke yetu. Uchungu wa leo ni mzigo wa kweli, twaukubali. Lakini mwanamke atokaye msituni hujitwika kuni za siku moja. Akiongeza na za juma zima, shingo itavunjika.

Basi, wapenzi, juma hili tujaribu mambo mawili. Kwanza, tuchague kazi moja ambayo huifanya kila siku pasipo kuiangalia: kuchota maji, kuchuma chai, kungoja matatu. Tuifanye kwa moyo wote, tukimwambia Mungu neno moja tu, "Asante," au, "Nisaidie." Pili, jioni kabla ya kulala, tutaje kwa sauti jambo moja jema la siku hiyo, watoto wakisikia. Mtoto anayesikia hivyo kila usiku hujifunza mapema jambo ambalo wengi wetu twalijua tukiwa na mvi.

Kesho ikifika, itakuja na mana yake. Ya leo imekwisha kuanguka, nayo iko mlangoni. Tuinameni tuiokote.

Bwana awabariki, na awape amani siku ya leo. Amina.