Taa Moja, Swichi Mbili: Usalama wa Ukumbi Usiku

Nyumba nyingi za Kilosa mjini zina umbo tunalolijua sote: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, kisha mlango wa uani, na choo kikiwa nje. Taa ya ukumbi aghalabu ina swichi moja tu, nayo hutiwa karibu na mlango wa mbele. Mzee anayeamka kabla ya alfajiri kutia udhu hana budi kupapasa ukuta gizani, ama taa iachwe ikiwaka usiku kucha. Wengi huchagua hili la pili. Globu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa nane kila usiku, hula uniti 14 na kitu kwa mwezi. Kwa mwenye LUKU ya bei nafuu, ambayo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu moja ya tano.

Dawa yake ni ya zamani na si ghali: swichi ya njia mbili, ambayo mafundi huiita tuwei. Swichi ya kawaida ina sehemu mbili za kufungia waya. Hii ina tatu. Waya wa moto huingia sehemu kuu ya swichi ya kwanza. Kutoka hapo nyaya mbili husafiri pamoja hadi swichi ya pili, na sehemu kuu ya swichi hiyo ndiyo inayopeleka moto kwenye taa. Nyutro huenda taani moja kwa moja, haipiti swichi yoyote. Swichi zote mbili zikiegemea waya ule ule, taa huwaka, zikitofautiana, huzimika. Mwenye kutaka swichi ya tatu, tuseme mlangoni pa chumba cha mgonjwa, huongeza katikati swichi yenye sehemu nne, kazi yake kupishanisha zile nyaya mbili. Za namna hiyo zaweza kuwa hata kumi.

Hapa ndipo penye hatari tunayoiandikia. Wapo mafundi wanaopunguza waya kwa kupeleka moto na nyutro kwenye swichi zote mbili, taa ikifungwa baina yake. Taa huwaka na kuzimika vizuri kabisa, mwenye nyumba akashukuru na kulipa. Lakini swichi zote zikielekea upande wa moto, taa imezimika huku holda ina umeme wa volti 230 pande zote mbili. Mtoto anapanda kiti kubadilisha globu, akiamini kuwa imezimwa! Marekani walikwisha kuupiga marufuku ufungaji huu zamani.

Kosa la pili, ambalo nalo huua, ni kuazima moto wa swichi moja kutoka mkondo mwingine wa nyumba. Baba huzima breka ya taa, akadhani pako salama, kumbe breka ya pili ingali inaleta umeme.

Kwa Kilosa tungeongeza la maji. Waliokuwapo mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 wanajua kuta za udongo hunywa maji kwa muda gani. Swichi na iwe juu, na ukuta uliolowa usiguswe na fundi hadi ukauke.

Fundi asiye na leseni ya EWURA asipewe kazi hii, hata akiwa binamu. Mikumi kuna chuo cha VETA, na vijana waliosomea ufundi si adimu wilayani.

Kazi ikiisha, kabla ya malipo, mwambie fundi atoe globu na kuipima holda kwa tesita, pande zote mbili, katika hali zote nne za swichi. Penye hali mbili za kuzima, pasionekane moto hata kidogo. Ukionekana, afungue afunge upya, kwa gharama yake.